Jiwe la Jamvi

Msimu wa karafuu ukiingia Mtambile, watoto hawana jioni. Wakitoka skuli hula haraka, huvua sare, na kila mmoja hushika kazi yake. Wanaume wako juu ya mikarafuu, wanawake wanachambua vikonyo, na watoto ndio wa kuanika na kuanua. Kwa Mzee Matano, kazi ya kuanika ilikuwa ya Asma, binti yake wa darasa la sita, na Asma aliiringia kidogo. Alijua kwa kunusa tu kama karafuu imekauka au bado.

Ua wao ulikuwa chini ya migomba, udongo wake haukauki hata Januari. Mbele ya nyumba, lakini, ilipita barabara ya lami, nyeusi na ya moto. Karafuu ya juu ya lami huwahi kukauka kuliko ya uani, na mtu mwenye karafuu mbichi hana jingine analoliomba ila jua na upesi. Basi Asma alitandika jamvi lake kando ya barabara, nusu kwenye nyasi na nusu juu ya lami, kama walivyofanya majirani karibu wote wa njia ile. Madereva walinung'unika mwanzo, kisha wakazoea.

Taabu ilikuwa magurudumu. Siku moja lori la mchanga lilipita juu ya pembe ya jamvi, likasaga karafuu zikawa unga, na Asma akasemwa na mama yake, Bi Kazija, mpaka masikio yakamwasha. Kesho yake alikwenda kwenye gofu la nyumba ya zamani, akachagua jiwe la matumbawe, jeupe, kubwa kama sufuria ya wali. Alilivingirisha mpaka barabarani akaliweka kwenye pembe ya jamvi iliyoingia ndani ya lami. Tangu hapo hakuna gurudumu lililogusa karafuu zake. Baba yake alipoliona alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hapo sasa amefanya kazi ya mtu mzima.

Jua likitua jamvi hukunjwa, jiwe likabaki. Hakuna aliyeona haja ya kuliondoa. Kwa nini ulisukume jioni, na asubuhi utalirudisha pale pale? Ndivyo walivyofikiri Asma na majirani zake, na barabara nzima ililala na mawe yake.

Siku ya mkasa mvua ilikuja kwa ghafla, kabla ya magharibi. Asma na mama yake walitoka mbio, wakazoa karafuu, wakakunja jamvi wakakimbilia barazani. Karafuu haikurowa sana. Mama alimsifu bintiye, akawasha jiko. Nje kulikuwa na giza la mvua, na lile jiwe jeupe halikuonekana tena hata ukilitazama.

Walisikia kishindo, kisha chuma kikiburuzika juu ya lami kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Bi Kazija alitoka mbio na mwiko mkononi. Mwanawe wa kwanza, Jabir, alikuwa dereva wa bodaboda, na saa ile ndiyo aliyokuwa akirudi kutoka Mkoani.

Alikuwa ni yeye. Alilala kwenye mtaro, uso umejaa matope, helmeti kichwani imepasuka upande mmoja. Alikuwa akizungumza na akimjua kila mtu. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo, na mfupa ulikuwa umetoboa suruali. Asma aliuona mara moja tu, akageuza uso. Majirani walimwinua juu ya ubao wa mlango, wakampakia kwenye gari ya mtu aliyekuwa akipita, na Bi Kazija akapanda naye akiwa na mwiko bado mkononi.

Kila mtu alitazama mguu. Hakuna aliyetazama barabara.

Jabir alikuwa kijana mwema, lakini mkono wake ulipenda kuvuta mafuta. Wiki iliyopita tu baba yake alikuwa amemgombeza mbele ya watu, akamwambia apunguze mwendo au aache kazi hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza kilichotokea. Barazani, dukani, kisimani, wote walisema neno moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ni kitu kizuri, lakini mdomoni mwa mtu mwenye haraka ya kuhukumu hugeuka rungu. Mzee Matano aliisikia mara nyingi siku zile mpaka ikawa yake. Alisema hatakwenda hospitali. Alikuwa amekwisha kusema yake, na mwana alichagua mwendo.

Alfajiri ya kwanza baada ya mkasa, Asma alitoka peke yake. Jiwe halikuwa mahali pake. Lilikuwa limesogea kuelekea katikati ya barabara, na ubavuni lilikuwa na alama nyeusi ya tairi na mkwaruzo mwekundu wa rangi. Pikipiki ya Jabir ilikuwa nyekundu.

Alitazama njia huku na huko. Kisha aliinama, akalivingirisha jiwe mpaka mtaroni, akalifunika kwa majani ya mgomba. Alinawa mikono akaenda skuli. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kusema hakutaunga mfupa, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu. Sababu ilikuwa hofu.

Siku ya pili mama yake alimchukua hospitali kumpelekea Jabir uji. Wodi ya wanaume ilinuka dawa na jasho. Asma alidhani atamwona kaka yake tu, akakuta chumba kizima cha miguu. Mmoja umefungwa plasta kutoka pajani hadi kidoleni. Mwingine umepitishwa vyuma ndani ya nyama, na vichwa vya vyuma vimetokeza nje. Kijana mmoja alikuwa na mguu unaovutwa kwa kamba, na mwisho wa kamba umening'inizwa mfuko wa mchanga. Karibu wote walikuwa vijana, na walipotazama mlango walitazama wote pamoja, kwa kuwa hawakuwa na jingine la kutazama.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa Bi Ummkulthum, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alipomwona Asma amebung'aa alimwita karibu, akamwonyesha muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti.

"Hapa ndipo panapovunjika zaidi," alimwambia. "Gari lina bodi, mwanangu. Likigonga, bati huumia mwanzo. Pikipiki haina bodi. Bodi yake ni mguu wa anayeiendesha."

Asma aliuliza habari ya kichwa. Bi Ummkulthum aliinua helmeti ya Jabir kutoka chini ya kitanda, akapitisha kidole kwenye ufa. Alisema ufa ule ungekuwa kwenye fuvu. Aliyevaa helmeti mara nyingi huletwa wodi hii na mguu wake, analalamika, anaomba maji. Asiyevaa huletwa chumba cha pili, na huko watu hawalalamiki. Kisha akasema jambo jingine, kama anayejisemea mwenyewe.

"Kila msimu wa karafuu ni hivi. Wodi inajaa. Mie huona ni haraka tu, watu wanakimbilia riziki. Lakini mbona wengi wa kushoto?"

Asma aligeuka akatazama vitanda. Kushoto. Kushoto. Mmoja wa kulia, kisha kushoto tena. Magari ya kisiwani hupita kushoto, na majamvi ya kila upande yako kushoto kwa anayekuja, na mawe yako kwenye pembe ya jamvi iliyoingia barabarani. Aliwasikiliza wagonjwa wakijibu maswali ya muuguzi. Mmoja alisema aliingia shimo. Mwingine alisema alikwepa gari akagonga kitu, hakujua nini, na ndugu zake walipokwenda asubuhi kutazama hawakuona chochote. Asma alijua kwa nini hawakuona. Si yeye peke yake aliyeamka alfajiri.

Jabir alikuwa amelala na macho mekundu. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba yuko wapi?"

Bi Kazija alisema baba ana kazi ya karafuu, atakuja. Jabir aliutazama ukuta. Alisema hakumbuki vizuri, mvua ilimpiga usoni, lakini bila shaka alikuwa kasi, maana watu wote wanasema alikuwa kasi. Alisema baba ana haki. Asma alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, karibu na ule mguu. Alirudi nyumbani bila ya kusema.

Ikafika Ijumaa. Mwalimu wa darasa la Asma alikuwa Mwalimu Ahmada, mtu nadhifu kupita kiasi, anayefundisha hisabati kwa mzaha na kumwita kila mwanafunzi kwa jina lake na la baba yake. Alikuwa na pikipiki ndogo na helmeti nzuri, na helmeti hiyo aliivaa siku zote isipokuwa Ijumaa. Ijumaa alivaa kofia ya viua, ile ya vitundu vilivyoshonwa kwa mkono, iliyofuliwa, ikatiwa wanga, ikasimama imara, na helmeti ingeiponda. Kwa hiyo helmeti aliitia kwenye kiwiko kama kikapu cha kwendea sokoni. Wanafunzi walimcheka, naye alicheka nao. Si yeye tu. Ijumaa, nusu ya wanaume wa Mtambile huenda msikitini na helmeti kiwikoni.

Siku ile, akienda kusali, gari ilitokea mbele yake kwenye kona. Alijisogeza kushoto kuipisha. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na jamvi la karafuu, na kwenye pembe ya jamvi palikuwa na jiwe. Helmeti ilibaki kwenye kiwiko chake, nzima, haina hata alama.

Asma alipita pale alasiri, akitoka chuo cha Kurani. Jamvi lilikuwa limeondolewa na lami ilikuwa imemwagiwa maji. Jiwe halikuwapo. Lakini kwenye nyasi palikuwa na mfuo wa kitu kizito kilichovingirishwa, na Asma aliutambua mfuo ule kwa sababu alikuwa na wake. Chuoni walifundishwa tangu wadogo kwamba kuondosha udhia njiani, yaani kitu cha kuwadhuru wapitao, ni sadaka. Yeye alikuwa ameutia udhia njiani, kisha akauondosha ili usionekane, na sadaka ya namna hiyo hakuna aliyemfundisha.

Walipokwenda tena hospitali, Bi Kazija alitaka kumjulia hali mwalimu. Hali yake ilikuwa imetulia kiasi cha kuonwa na watu. Alikuwa chumba cha pili, kichwa kimezungushwa bandeji, mguu wa kushoto umefungwa plasta. Mkewe alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Asma alimwamkia. Mwalimu Ahmada alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa wageni.

"Weye mtoto wa nani?" aliuliza.

Asma akamjibu kwamba yeye ni Asma Matano, wa darasa lake. Mwalimu alishukuru. Mkewe alimfuta mdomo, wakakaa kidogo, kisha mwalimu akamgeukia Asma tena kwa upole ule ule na kuuliza, weye mtoto wa nani. Bi Kazija alitoka nje akalia kwenye ukumbi. Asma hakulia. Njia nzima ya kurudi aliwaza jambo moja: kama angesema siku ile ya kwanza, watu wangeyaondoa mawe yote, na Mwalimu Ahmada angekuwa darasani akimwita kwa jina lake.

Mzee Matano alikuwa barazani akichambua karafuu. Asma alimwomba asimame amfuate. Baba alishangaa, kwa maana watoto wake hawakuwa na desturi ya kumwambia afanye hili au lile, lakini alisimama. Walikwenda mpaka mtaroni. Asma aliondoa majani ya mgomba yaliyokwisha kukauka, jiwe likatokeza, jeupe, na mkwaruzo wake mwekundu.

"Jabir hakuwa kasi, baba," alisema. "Au kama alikuwa kasi, mie sijui. Lakini aligonga hili. Mie niliyeliweka, na mie niliyelificha."

Mzee Matano aliinama. Alipitisha kidole gumba juu ya ile rangi, mara ya kwanza na ya pili. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na Asma alikaza mabega akingoja. Hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi kwa Asma, maana baba yake alikaa chini kwenye nyasi zenye unyevu, na kanzu yake, akafunika uso.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nilikuogopa."

Baba alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Kisha alisema kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto, alianika karafuu pale pale na kuweka jiwe pale pale, lakini siku hizo zilipita gari chache na baiskeli, na jiwe lilikuwa jiwe tu. Alisema aliliona jiwe la Asma likilala barabarani kila usiku, na akalisifu. Halafu mwanawe alipovunjika, yeye akatafuta kosa kwa mwanawe, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa karibu.

Asubuhi alivaa kanzu safi akaenda hospitali. Asma alifuatana naye, akabaki mlangoni. Jabir alipomwona baba yake alijaribu kukaa, na uso ukamkunjamana kwa maumivu. Mzee Matano alimwekea mkono kifuani akamlaza.

"Nimekuonea, mwanangu," alisema. "Niwie radhi."

Jabir aliguna kitu ambacho Asma hakukisikia, akageuza uso upande wa ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika. Baba alikaa pale mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Kabla ya kuondoka, Asma alikwenda kwa Bi Ummkulthum akamweleza kwa nini miguu ilikuwa ya kushoto. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Jioni ile ile alimpigia simu sheha, kiongozi wa serikali ya mtaa pale Mtambile.

Sheha aliwaita watu baada ya sala ya isha ya siku iliyofuata. Mzee Matano alisimama wa mwanzo, akasema jiwe lililomvunja Jabir lilikuwa la nyumba yake. Hakumtaja Asma. Mzee mmoja akasema na yeye ana lake mtaroni, na mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, na watu wakajua jiwe la Mwalimu Ahmada lilikuwa la nani. Hakuna aliyemnyooshea kidole, maana kila mmoja alikuwa na lake.

Wiki ile mawe yote yaliondolewa barabarani. Watoto waliyavingirisha, wanaume wakayapakia kwenye gari la ng'ombe, yakapelekwa nyuma ya skuli, yakawa msingi wa sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu za mtaa mzima. Jiwe la Asma lilitiwa chini kabisa, kwenye pembe. Na Ijumaa iliyofuata baadhi ya wanaume, si wote, walikwenda msikitini na helmeti kichwani na kofia zao mfukoni, zimekunjwa. Zilitoka na mikunjo, na walisali nazo hivyo hivyo.

Jabir alirudi nyumbani baada ya miezi. Mguu uliunga, lakini ni mfupi kuliko mwenziwe, na akitembea bega moja huzama. Mwalimu Ahmada alirudi darasani mwaka uliofuata akitembelea bakora. Hisabati anaikumbuka. Majina ya wanafunzi hayakurudi. Kila asubuhi hutazama madawati, kisha huanza kuuliza kwa upole, mmoja baada ya mmoja, weye nani.

Siku ya kwanza alipomuuliza, Asma alijibu, na alipofika nyumbani alijifungia chumbani. Baba yake aligonga mlango, akaingia akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"N'kwambie kitu, na ukishike," alisema Mzee Matano. "Mtu akitia jiwe njiani hamchagui wa kulikwaa. Na akiificha kweli, vilevile hamchagui wa kuumia. Mie na weye tulidhani tunailinda karafuu yetu, basi. Sasa tunajua. Kusema kwako kulichelewa, lakini kumewaokoa ambao hatutawajua kamwe, kwa sababu hawatavunjika."

Asma aliuliza afanye nini na Mwalimu Ahmada.

"Kesho akikuuliza jina, mwambie," alisema baba. "Na kesho kutwa. Usichoke kabla yake."

Asubuhi, mwalimu alipoinua macho kutazama madawati, Asma alikuwa amekwisha simama. Alitaja jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika, kabla ya kuulizwa.